Babu haonekani kitabuni: utatuzi wa matatizo katika rejista za parokia za Uingereza

Rejista za parokia za Uingereza zilianza mwaka 1538, pale Thomas Cromwell, msaidizi mkuu wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila kanisa la parokia liwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo hadi tarehe 1 Julai 1837, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, hakuna nyaraka nyingine iliyowagusa watu wa kawaida kwa wingi namna hiyo: mkulima, mfua vyuma, mtumishi wa ndani, kichanga aliyeishi siku mbili. Ndiyo maana mtu wa Nairobi ambaye babu wa mama yake alikuja kutoka Derbyshire kujenga reli, au kijana wa Kitanzania aliyezaliwa Leicester na mama Mwingereza, akishamaliza vyeti vya serikali na sensa hujikuta amesimama mlangoni pa kanisa.

Hapo ndipo wengi hukwama, na wengi hukwama kwa sababu moja. Wanakisoma kitabu kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya ukoo wao. Karani wa kanisa aliandika kazi ya kanisa: nani amemwagiwa maji, nani ameozeshwa, nani amezikwa. Ukikwama, uliza kwanza kanisa lilifanya nini siku ile na nani alishika kalamu, ndipo uulize jina.

Mifano mingi hapa nimeitoa Stratford-upon-Avon, kwenye rejista ya kanisa la Holy Trinity. Familia ya William Shakespeare, mwandishi wa tamthilia, imechunguzwa mstari kwa mstari kwa karne kadhaa, na matatizo mengi yanayomsumbua mtafutaji wa leo yamo humo.

Nimeandika jina, mashine inasema hakuna

Anza na sababu nyepesi: huenda parokia yenyewe haimo kwenye tovuti unayotumia. FamilySearch ni bure, FreeREG ni bure na hujazwa na watu wa kujitolea, Ancestry na Findmypast ni za kulipia, na hakuna hata moja yenye kila kitu. Hifadhi ya nyaraka ya kaunti moja imefunga mkataba na kampuni hii, ya jirani na ile. Kwa hiyo fungua kwanza ukurasa unaoeleza parokia zipi zimo na kwa miaka ipi. Nimeona watu wakihangaika na jina kwa majuma mengi huku rejista ya kijiji husika haijawahi kupigwa picha.

Parokia ikiwemo, shuku tahajia. Hapakuwa na tahajia moja sahihi ya jina la ukoo. Karani aliandika alichosikia, na msemaji mara nyingi hakujua kusoma. Rejista ya Stratford ina "Shakspere". Karatasi mbili za ndoa ya William Shakespeare, zilizoandikwa siku mbili zinazofuatana mwaka 1582 katika ofisi ya askofu wa Worcester, zina "Shaxpere" na "Shagspere". Herufi H mwanzoni mwa jina huanguka au huongezwa kufuata lafudhi ya mahali. Tumia alama ya nyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo.

Ikishindikana, lifute kabisa jina la ukoo. Tafuta kwa jina la mtoto, la baba, la mama, parokia na miaka kumi tu. Au watafute ndugu zake: aliyenakili picha anaweza kusoma L badala ya S kwa mtoto mmoja, lakini si rahisi akosee kwa watoto wote saba. Na ukishampata mtu kwenye faharasa, usiishie hapo. Nenda kwenye picha ya ukurasa. Faharasa huacha kazi ya baba, kijiji anachoishi na maneno ya pembeni, na mara nyingi hayo ndiyo uliyokuwa ukiyahitaji.

Jina lipo, ila siwezi kulisoma

Mwandiko wa karne ya 16 na ya 17 una herufi zake. Herufi c hufanana na r ya leo, e imegeuzwa mgongo, h ina mkia unaoshuka chini ya mstari, s ya katikati ya neno ni ndefu kama f isiyo na kikato, na ff mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. Usianze na jina gumu. Tafuta kwenye ukurasa huohuo maneno unayoyajua tayari, kama miezi, "John", "William", "the sonne of", kisha chora alfabeti ya karani yule pembeni ya daftari lako. Baada ya ukurasa mmoja au miwili jicho huanza kuzoea.

Kilatini kinatisha zaidi ya kinavyostahili. "Filius" ni mwana wa kiume, "filia" wa kike, "uxor" ni mke, "vidua" ni mjane, "sepultus" au "sepulta" ni aliyezikwa. Majina ndiyo yanayopoteza watu: Gulielmus ni William, Jacobus kwa kawaida ni James, Egidius ni Giles, Radulphus ni Ralph. Wala usiviegemee sana viambishi vya mwisho wa maneno. Mstari wa ubatizo wa William Shakespeare, tarehe 26 Aprili 1564, unasema "Gulielmus filius Johannes Shakspere", na Kilatini sahihi kingetaka "Johannis".

Ukiona mwandiko mmoja safi, usiobadilika, kwa miaka arobaini mfululizo, unasoma nakala. Mwaka 1598 iliagizwa kwamba rejista za karatasi zinakiliwe kwenye karatasi za ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka ambao Elizabeth I alirithi kiti cha ufalme. Rejista ya Stratford ya miaka hiyo ni nakala ya namna hiyo. Hivyo kitabu kinachoanza 1558 badala ya 1538 hakikuchanwa kurasa. Aliyenakili alichukua ruhusa ya kuanzia hapo. Nakala ina makosa yake pia, kwa mfano mstari ulioruka au jina la baba lililohamia kwa mtoto wa mstari wa chini.

Tarehe haziingii akilini

Mtoto amebatizwa Februari 1719, na wazazi wameoana Aprili 1719. Kabla hujaandika kwamba alizaliwa nje ya ndoa, kumbuka kuwa hadi 1752 mwaka wa kanisa na wa sheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1719 ilikuja baada ya Aprili 1719. Mtu wa pwani anayeijua miezi ya Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, inayohesabiwa kuanzia Ramadhani inapokwisha na wala si kuanzia Muharram, atalielewa hili upesi: miezi ni ileile, mwanzo wa hesabu ndio ulio pengine.

Stratford inaonyesha vizuri. Judith Shakespeare aliolewa na Thomas Quiney tarehe 10 Februari, mwaka ukiandikwa 1615. Baba yake Judith, William, alizikwa tarehe 25 Aprili 1616. Ukisoma kwa kalenda ya leo utadhani imepita miezi kumi na minne. Ilipita miezi miwili na nusu. Ukikutana na tarehe kati ya 1 Januari na 24 Machi ya kabla ya 1752, andika miaka yote miwili, 10 Februari 1615/16, ili anayekufuata asije akairekebisha mara ya pili.

Mambo mengine ya kalenda ni ya haraka. Mwaka 1751 ulianza Machi ukaisha Desemba, kwa hiyo uchache wa mistari yake si dalili ya kurasa zilizopotea. Septemba 1752 ilitoka tarehe 2 ikaruka hadi 14. "7ber" ni Septemba, si Julai. "8ber" ni Oktoba, "9ber" ni Novemba na "Xber" ni Desemba. Waquaker, dhehebu la Kikristo lililojitenga na Kanisa la Uingereza, waliiita miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ni Machi.

Tarehe ya ubatizo nayo usiiweke kwenye nafasi ya kuzaliwa. Kuhusu Shakespeare tunajua alibatizwa 26 Aprili. Tarehe 23 ya kuzaliwa ni mapokeo. Wapo waliobatizwa wakiwa na miaka kumi, au ndugu watano siku moja, kwa sababu familia ilihama au kasisi mpya alihimiza. Na mtoto yuleyule anaweza kuandikwa mara mbili: alibatizwa nyumbani kwa haraka kwa kuwa ni mgonjwa, kisha akapokelewa rasmi kanisani alipopona.

Watu wawili, jina moja

Hili ndilo tatizo linaloharibu miti ya ukoo kuliko yote, na halina dalili ya maumivu. Mtu ametafuta John, akampata John, mwaka unakaribiana, akambandika. Baadaye watu wengine wananakili, na kosa linakuwa ukweli wa mtandaoni.

Stratford ya mwishoni mwa karne ya 16 ilikuwa na John Shakespeare wawili. Mmoja alikuwa mtengeneza glavu, baba wa William. Mwingine alikuwa mshona viatu, na watoto wake Ursula, Humphrey na Philip walibatizwa kanisa lilelile. Waandishi wa zamani waliwachanganya, wakampa mtengeneza glavu watoto wasio wake. Kilichowatenganisha ni neno dogo. Mtengeneza glavu alishika uongozi wa mji mwaka 1568, na baada ya hapo karani humwandika kwa heshima, kama "Mr" au kwa Kilatini "magister". Mshona viatu hana heshima hiyo. Soma basi kila kitu kinachozunguka jina: cheo, kazi, kijiji, nani alisimama shahidi.

Dawa yake inachosha, lakini sijaona nyingine inayofanya kazi. Usimtafute mtu mmoja. Jenga familia zote zenye jina hilo katika parokia ile na za jirani, kila ubatizo, kila ndoa, kila maziko, kwa miaka hamsini. Kisha jaribu kumzika kila mgombea. Margaret Shakespeare alibatizwa 2 Desemba 1562. Ukiishia hapo unaweza kumwoza kwa mtu yeyote aliyeoa Margaret mwaka 1585. Lakini maziko ya 30 Aprili 1563 yanamfuta. Watu wengi hufunga kazi ya kumtafuta babu yao bila kuangalia kama yule waliyemchagua alikufa akiwa mchanga.

Wakati mwingine maziko hayapo, na jina lenyewe ndilo linasema. Joan Shakespeare alibatizwa Septemba 1558, na Joan mwingine, wa baba yuleyule, Aprili 1569. Maziko ya wa kwanza hayaonekani, ila wazazi walikuwa na desturi ya kumrudishia mtoto mpya jina la marehemu, na kwa hiyo wanahistoria wanaona kuwa wa kwanza alikwisha kufa. Hiyo ni hoja nzuri, si ushahidi kamili, iandike hivyo.

Kuanzia 1 Januari 1813 kazi inapungua, kwa kuwa sheria ilileta fomu zilizochapwa. Ubatizo ukawa na makazi na kazi ya baba, maziko yakawa na umri na makazi. Kabla ya hapo maziko mengi ni jina tupu. Wagombea wawili wakibaki sawa baada ya rejista zote, toka kanisani uende kwenye wosia. Mwosia huwataja wakwe, wajukuu na mpwa aliyehamia mji mwingine. Wosia wa kabla ya 1858 ulithibitishwa na mahakama za kanisa, na ule wa mahakama kuu ya Canterbury uko The National Archives, hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyoko Kew, London. Katika wosia wa zamani usiyachukue majina ya udugu kwa maana ya leo: "cousin" aweza kuwa mpwa, na "mother-in-law" aweza kuwa mama wa kambo.

Watoto wapo, ndoa haipo

Mara nyingi ndoa ilifungwa parokia ya bibi harusi, na wewe unatafuta ya bwana. Chora duara la maili kumi kwenye ramani, uanze na vijiji vya jirani. Kisha kumbuka kwamba ndoa ilikuwa na njia mbili: matangazo kanisani kwa Jumapili tatu, au leseni. Waliochukua leseni waliacha karatasi katika ofisi ya askofu, hata pale rejista ilipopotea.

Ndoa ya William Shakespeare haijapatikana katika rejista yoyote. Tunaijua kwa sababu ya karatasi za Worcester za Novemba 1582, na hata hizo zina kitendawili: leseni ya tarehe 27 inamtaja Anne Whateley wa Temple Grafton, na hati ya dhamana ya tarehe 28 inamtaja Anne Hathwey wa Stratford. Wasomi wengi wanaona karani alikosea jina la ukoo la bibi harusi kwenye leseni. Watoto ndio wanaokamilisha habari: Susanna alibatizwa Mei 1583, kisha mapacha Hamnet na Judith tarehe 2 Februari 1585. Angalizo moja: tangazo au leseni huonyesha nia tu. Wapo walioghairi.

London kabla ya 1754 ina ugonjwa wake. Maelfu walioana kwa siri kuzunguka gereza la Fleet, bila matangazo, mbele ya makasisi waliotaka ada. Vitabu vyao viko Kew, na tarehe zake nyingi zilichezewa. Sheria iliyoanza 25 Machi 1754 ilizima jambo hilo. Tangu siku hiyo ndoa ilitakiwa ifungwe katika Kanisa la Uingereza, isipokuwa ya Waquaker na Wayahudi, na rejista ikabeba sahihi au alama za maarusi na mashahidi wawili. Sahihi hizo ni hazina. Linganisha mkono wa bwana harusi na mkono wa mtu wa jina hilo kwenye wosia.

Parokia iko kimya miaka mingi

Ukimya wa kati ya 1642 na 1660 ni wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell mwingine, Oliver. Makasisi walifukuzwa, vitabu vikafichwa, na kuanzia 1653 ndoa zilipelekwa kwa mahakimu. Wakati huo baadhi ya vitabu huandika kuzaliwa badala ya ubatizo.

Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na ushuru wa peni tatu kwa kila mstari, maskini wakisamehewa. Utaona ubatizo mwingi kabla tu haujaanza, kisha upungufu, kisha ghafla "pauper" nyingi. Si wote walikuwa mafukara.

Ukimya ukiwa wa familia yako tu, angalia muundo wake. Ndoa zao zipo, maziko yao yapo, ubatizo hakuna hata mmoja: hao kwa kawaida ni waumini wa madhehebu mengine, Wabaptisti, Wapresbiteri, Wamethodisti au Wakatoliki. Sheria iliwalazimisha kuoana kwa Waanglikana, na mara nyingi makaburi yalikuwa ya parokia, lakini watoto waliwabatiza kwao, na Wabaptisti hawakubatiza watoto kabisa. Vitabu vingi vya madhehebu hayo vilikusanywa na serikali kuanzia 1837, na viko Kew, hasa katika mafungu ya RG 4 na RG 8. Vya Wakatoliki vichache tu vimo.

Kitabu chenyewe kikiwa kimeungua au kimeliwa na unyevu, omba nakala za askofu. Tangu 1598 parokia zilitakiwa kupeleka kila mwaka nakala ya mistari ya mwaka ule kwa dayosisi. Hazikupelekwa zote, ila mara nyingi hujaza pengo, na mara nyingine zina neno ambalo rejista haina.

Baba hakuandikwa, au familia imeibuka ghafla

Nayaweka pamoja kwa sababu dawa ni sanduku moja, la nyaraka za maskini. Mtoto wa nje ya ndoa huandikwa "base born" au "bastard", pengine na maneno "reputed father" na jina. Jina lisipokuwepo, jua kwamba parokia haikutaka kumlisha mtoto. Wasimamizi wa maskini walimhoji mama mbele ya hakimu na kumfunga baba kwa hati ya kulipa matunzo. Jina la kati la mtoto linalofanana na jina la ukoo wa watu wengine kijijini ni fununu nzuri. Litafute kwenye hati hizo.

Sheria ya 1662 iliipa parokia haki ya kumrudisha maskini alikotoka. Kwa hiyo mgeni alihojiwa: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, ulioa lini? Majibu hayo yaliandikwa, na yanaweza kukupa katika ukurasa mmoja maisha ambayo rejista kumi zisingekupa. Kama mtu wako aliishi hadi 1851, sensa ya mwaka ule inataja parokia aliyozaliwa. Ile ya 1841 husema tu kama alizaliwa kaunti hiyohiyo, na umri wa watu wazima mara nyingi ulipunguzwa hadi namba inayogawanyika kwa tano.

Mhenga ni Mwafrika, na jina lake halinipeleki popote

Waafrika wamo katika rejista hizi tangu karne ya 16, hasa London na miji ya bandari. Majina yao hayawatambulishi, kwa sababu walipobatizwa walipewa mapya ya Kiingereza, wengi wakiwa watu wazima tayari. Tafuta maelezo badala ya jina: "blackamoor", "a black", "negro", "servant to" likifuatwa na jina la bwana au bibi.

Mary Fillis alibatizwa Juni 1597 katika kanisa la St Botolph, Aldgate, akiwa na miaka ishirini hivi. Tunajua baba yake alikuwa Fillis wa Morisco, mtengeneza vikapu na masepetu, na kwamba Mary aliishi kwa mshonaji aliyeitwa Millicent Porter. Yote hayo yamo katika daftari la kumbukumbu la karani wa parokia, kitabu tofauti na rejista rasmi ambayo husema machache. Kila unapomkuta mtu wa namna hii, waulize watunza nyaraka wa kaunti kama daftari la karani limesalia, pamoja na hesabu za wazee wa kanisa. Kisha mfuate aliyemwajiri au kummiliki: wosia wake, orodha ya mali yake, meli na biashara zake. Mtumishi aliyeachiwa shilingi chache au nguo katika wosia hutajwa humo kwa jina, na hapo utajua lilikuwa jina lipi baada ya ubatizo na kama alikuwa bado anaishi nyumba ileile.